Warsha za Sayansi na Teknolojia kwa Vitendo kwa Wanafunzi wa Sekondari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi, wazazi na walimu huyarudia kila warsha inapotangazwa. Si lazima uanze juu. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limeelezwa kwingine utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Warsha ya vitendo ni kitu gani hasa? Mbona shuleni tuna vipindi vya maabara?

Kwenye kipindi cha maabara, mara nyingi jibu linajulikana kabla jaribio halijaanza. Mwanafunzi anafuata hatua zilizoandikwa, anapata namba inayotakiwa, kengele inalia. Kwenye warsha anapewa tatizo, vifaa, na muda wa kutosha wa kukosea na kurekebisha. Kinachopatikana mwishoni kinaweza kuwa taa inayojiwasha giza likiingia, mizani ya mbao, au grafu aliyoichora kwa vipimo vyake mwenyewe.

Tofauti iko mikononi. Niliwahi kuandaa warsha ya elektroniki na, kwa kuogopa muda usitoshe, nikaunganisha sakiti zote usiku wa kuamkia siku yenyewe. Washiriki walibonyeza swichi, taa zikawaka, wakapiga makofi. Wiki iliyofuata niliwawekea vipande vilevile vikiwa vimetawanyika mezani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuwasha taa. Walichojifunza siku ile ni kubonyeza swichi. Tangu hapo siunganishi kitu chochote ambacho mshiriki anaweza kukiunganisha mwenyewe, hata ikibidi tumalize nusu tu ya tulichopanga.

2. Je, lazima niwe nafaulu sana sayansi au hisabati?

Hapana. Unatakiwa uweze kusoma rula, kugawanya namba, na kuvumilia jambo lisilokubali mara ya kwanza. Aliyezoea kufungua na kufunga baiskeli, au kushona, mara nyingi huanza vizuri kuliko anayeongoza darasani, kwa sababu tayari anajua kwamba kitu kikikwama kuna sababu na sababu hiyo inatafutwa. Hesabu zinazohitajika tunazifanya pamoja mezani, vifaa vikiwa mbele yetu.

3. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho wanaweza kukaa meza moja?

Wanaweza, mradi wapangwe kwa uzoefu na si kwa umri. Mkubwa ambaye hajawahi kushika multimita (kifaa cha kupimia umeme) anaanza pale anapoanza mdogo.

4. Warsha huchukua muda gani, na washiriki wawe wangapi?

Chini ya saa 3 haitoshi kukosea na kurekebisha. Siku nzima yenye mapumziko mawili inafaa zaidi, na mikutano kadhaa iliyotenganishwa kwa wiki moja moja ndiyo bora kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi anarudi na maswali aliyolala nayo.

Kwa kila seti ya vifaa, weka wanafunzi wawili. Wakiwa watatu, mmoja anaanza kutazama. Wakiwa wanne, wawili wanatazama. Mkufunzi mmoja anaweza kuhudumia kama washiriki 12 kwenye kazi za kawaida. Kwenye kazi za moto au zana kali, asizidishe wanne au watano (tazama swali la 15).

## Siku ya warsha

5. Siku ya kwanza tunafanya nini?

Kwa warsha ya elektroniki, tunaanza na taa moja ndogo ya LED. Kila jozi inapewa betri ya volti 9, LED nyekundu, rezista chache (vipande vinavyopunguza mkondo) za thamani tofauti, na bredibodi, ule ubao wenye matundu unaounganisha vipande bila kulehemu. Kabla mtu hajachomeka kitu, tunauliza: tukiigusisha LED moja kwa moja kwenye betri, itakuwaje? Wanaandika utabiri wao, kisha mkufunzi anaiunguza moja mbele yao, akiwa amevaa miwani ya kinga. Inamulika kwa nguvu sana mara moja, inafifia, basi. Sasa kila mtu anataka kujua rezista inafanya kazi gani.

Hesabu yenyewe inafuata hapo. Betri inatoa volti 9. LED nyekundu inachukua kama volti 2, zinabaki 7. Tunataka mkondo wa miliampea 20, yaani ampea 0.02. Gawanya 7 kwa 0.02, unapata ukinzani wa omu 350. Kwenye seti za kawaida hakuna rezista ya 350. Kuna 330 na kuna 390. Tuchukue ipi? Swali hili huzua mjadala mzuri kuliko somo zima la kanuni ya Ohm ubaoni. Anayechukua 390 anapata mkondo wa kama miliampea 18 na LED inayodumu, na anayechukua 330 anavuka 20 kidogo. Kisha wanaitafuta 390 kwa rangi za mistari iliyochorwa juu yake, chungwa, nyeupe, kahawia, na kuthibitisha kwa multimita.

Mguu mrefu wa LED unaelekea upande chanya. Nusu ya meza huuweka kinyume mara ya kwanza, taa inakataa, na ni sawa kabisa: LED hupitisha mkondo upande mmoja tu, na sasa wamejionea wenyewe.

6. Hatuna maabara kabisa. Tuanze na majaribio gani?

Anzeni na pendulamu: uzi, jiwe dogo au nati, rula, na saa yenye sekunde. Swali ni moja: nini kinaamua muda wa mzunguko mmoja, yaani kwenda na kurudi? Wanafunzi karibu wote hutabiri kwamba jiwe zito litakwenda haraka zaidi. Wabadilishe uzito peke yake, halafu urefu wa uzi peke yake, halafu upana wa mbembeo. Watagundua kwamba uzito haubadilishi kitu, upana ukiwa mdogo haubadilishi kitu kinachopimika, na urefu ndio mwenye neno. Uzi wa sentimita 25 hutoa sekunde 1 kwa mzunguko mmoja. Wa sentimita 100 hutoa sekunde 2. Urefu umeongezeka mara 4, muda mara 2 tu. Waache waumie nalo kichwa kidogo kabla hujataja kipeo cha pili.

Urefu hupimwa kuanzia pale uzi uliponing'inizwa hadi katikati ya jiwe, si hadi kwenye fundo. Na msipime mzunguko mmoja. Kidole cha binadamu huchelewa kama sekunde 0.2 kubonyeza saa, na kwenye mzunguko wa sekunde 1 hilo ni kosa kubwa mno. Pimeni mizunguko 20, mgawanye kwa 20, na kosa lilelile linagawanyika pia. Nikiambiwa nichague somo moja tu la kumwachia mwanafunzi kuhusu vipimo, nitachagua hili.

Mengine yasiyohitaji maabara:

- Maji ya kabeji nyekundu iliyochemshwa hubadilika kuwa mekundu au ya waridi kwenye asidi kama siki, na bluu au kijani kwenye besi kama magadi.
- Vinasaba vya kitunguu au ndizi vinaonekana kwa macho. Ponda tunda, changanya na maji yenye chumvi na sabuni ya vyombo, chuja, kisha mimina alkoholi baridi taratibu pembeni mwa glasi. Sabuni huvunja kuta laini za seli zenye mafuta, na kwa kuwa vinasaba haviyeyuki kwenye alkoholi, hujikusanya kama nyuzi nyeupe. Alkoholi hushika moto, kwa hiyo pasiwe na mwali wowote karibu.
- Boksi lenye tundu la sindano upande mmoja na karatasi ya nta upande wa pili huonyesha picha ya nje ikiwa imepinduka juu chini.

7. Jaribio likigoma, mkufunzi anasaidiaje?

Kwa kuweka mikono nyuma. Akilirekebisha yeye, litafanya kazi na mwanafunzi atabaki alipokuwa. Anachofanya ni kuuliza maswali kwa mpangilio: betri ina volti ngapi ukiipima sasa hivi? Mkondo unatoka wapi, unapita wapi, unarudi wapi, nionyeshe kwa kidole. Kipi ulichobadilisha mwisho, kabla hakijagoma?

Kwa wanaotumia bredibodi, mkosaji wa kawaida ni ubao wenyewe. Matundu ya kati huungana matano matano, na mfereji wa katikati hutenganisha pande mbili. Mistari ya umeme pembeni, kwenye baadhi ya mbao ndefu, imekatika katikati bila kuonekana. Nimeona jozi ya wanafunzi ikihangaika nusu saa kwa sababu hiyo, na walipoigundua wenyewe kwa multimita walikimbia meza hadi meza kuwaonya wenzao.

8. Matokeo yetu hayafanani na ya kitabuni. Tuandike lipi?

Andika ulichopima. Kisha tafuta sababu: rudia mara tatu, badilisha anayepima, kagua kifaa. Mara nyingi utakuta kosa la kipimo, na kulijua kosa ni matokeo. Mara chache utakuta jambo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanganyika (leo Tanzania), aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya ule wa wenzake uliokuwa umepozwa kwanza. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Hakuacha. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kuzungumza shuleni kwao, naye akarudi chuoni na kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana ni katika hali gani hasa maji ya moto huwahi kuganda, na wapo waliopima kwa uangalifu wasilione kabisa. Hilo halipunguzi kitu: swali la mwanafunzi aliyeamini macho yake limewaweka watafiti kazini kwa zaidi ya nusu karne.

9. Kwa nini mnasisitiza daftari? Si tupige picha tu?

Picha pigeni. Lakini picha haionyeshi ulichotarajia, na utabiri usioandikwa kabla husahaulika ukishaona jibu. Kila mtu hudhani alijua tangu mwanzo. Daftari liwe na tarehe, utabiri, mchoro wa ulichounda, vipimo pamoja na vizio vyake, na kilichoharibika. Usifute. Kata kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke.

## Vifaa

10. Bila vifaa vya bei kubwa tunaweza kufanya sayansi ya kweli?

Ndiyo, na hata vipimo vyenye maana. Rula iliyolazwa juu ya penseli huwa mizani. Mpira wa manati na kipande cha karatasi yenye mistari huwa kipimo cha kani, ukishakipa alama kwa kuning'iniza chupa za maji ya ujazo unaojulikana, kwa sababu mililita 100 za maji zina uzito wa karibu gramu 100. Wanasayansi wakubwa nao hufikiri hivi: Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walibuni Foldscope, hadubini ya karatasi inayokunjwa, inayoweza kukuza mara 140.

Simu janja nayo ni maabara. Ndani yake mna kihisi cha mchapuko, mara nyingi kihisi cha usumaku, maikrofoni na kipimo cha mwanga. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani na kutolewa bure, husoma vihisi hivyo na kuchora grafu papo hapo. Ning'iniza simu kwa uangalifu kwenye kamba, na pendulamu ya swali la 6 inajipima yenyewe.

11. Arduino, Raspberry Pi na micro:bit zinatofautianaje? Tuanze na ipi?

Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, ni kompyuta kamili: inataka skrini, kibodi na kadi ya kumbukumbu. Arduino, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ni bodi yenye mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja. Inaendesha programu moja tu uliyoipakia, tena bila kuchoka. micro:bit ilibuniwa na BBC na wenzake, na mwaka 2016 ikaanza kugawiwa wanafunzi wapatao milioni moja wa Uingereza. Tayari ina taa 25, vitufe viwili na vihisi ndani yake.

Kwa anayeanza, micro:bit humpa matokeo ndani ya dakika chache. Arduino huchelewa kidogo lakini humlazimisha kuelewa sakiti, na kwa maoni yangu ndiyo inayomjenga zaidi mwanafunzi wa sekondari. Raspberry Pi isubiri mradi unaoihitaji.

Makosa mawili huua bodi nyingi. La kwanza ni kuunganisha mota moja kwa moja kwenye pini. Pini ya Arduino Uno ya kawaida imekusudiwa mkondo wa kama miliampea 20, na mota hudai zaidi ya huo kwa mbali. Weka transista (kipande kinachotumia mkondo mdogo kuwasha mkubwa) katikati na uipe mota betri yake. La pili ni kupeleka volti 5 kwenye pini ya Raspberry Pi, ambayo hufanya kazi kwa volti 3.3.

12. Tuna kompyuta mpakato chache na intaneti haitegemeki. Tutajifunzaje kuandika programu?

Pakueni kila kitu mapema na mjaribu kukitumia intaneti ikiwa imezimwa. Scratch, lugha ya kupanga vipande iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, na programu ya Arduino zote huweza kutumika bila mtandao zikishasakinishwa.

Kompyuta zikiwa chache, anza na karatasi. Mwanafunzi mmoja anaandika maelekezo ya kuchora umbo, mwenzake anayatii neno kwa neno bila kutumia busara. Akiandikiwa "geuka" bila kuambiwa nyuzi ngapi, anasimama. Dakika 20 za zoezi hili hupunguza maswali mengi baadaye kwenye kompyuta.

13. Tunaweza kutumia vipande vya redio na vifaa vibovu?

Mnaweza, na ni shule nzuri. Visoma DVD vina mota ndogo, spika zina sumaku imara, vinyago vina gia. Lakini viko vifaa ambavyo mwanafunzi asivifungue: televisheni za kioo kinene, tanuri za maikrowevu, kamera zenye flashi na vigeuza umeme vya kompyuta. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ya flashi huwa na volti zipatazo 300, na ya maikrowevu hufika maelfu, ya kutosha kuua. Kwa betri za simu, tazama swali la 17.

## Usalama

14. Mwanangu atakuwa salama?

Warsha iliyopangwa vizuri ni salama, na una haki ya kuuliza imepangwaje. Uliza mambo haya: nani anasimamia kila meza? Kisanduku cha huduma ya kwanza na kizima moto viko wapi? Miwani ya kinga inatosha wote? Mlango wa pili uko wapi? Mkufunzi asiyeweza kujibu papo hapo hajajiandaa.

Kwa upande wetu, umeme unatoka kwenye betri, hautoki kwenye soketi ya ukutani. Nywele ndefu hufungwa, na mitandio au nguo pana hukunjwa au kubanwa pembeni. Hakuna kula wala kunywa mezani, hata maji. Jua halitazamwi kamwe kwa darubini au lenzi isiyo na kichujio maalumu mbele yake, na wakati wa kupatwa kwa jua tunatumia tu miwani iliyokidhi kiwango cha ISO 12312-2. Miwani ya kawaida ya jua haifai.

15. Kulehemu kunaanza umri gani, na madini ya risasi kwenye tini ya kulehemu hayana sumu?

Tunaangalia utulivu zaidi ya miaka. Mwanafunzi anayeweza kukaa bila kugeuka ghafla anapoitwa yuko tayari. Asiyeweza anaendelea na bredibodi, na hakosi kitu cha maana.

Ncha ya pasi ya kulehemu hufika nyuzi 350 za Selsiasi hivi. Tini iliyochanganywa na risasi huyeyuka kuanzia nyuzi 183, ile isiyo na risasi kwenye nyuzi 217 na zaidi. Kwa wanafunzi tunatumia isiyo na risasi. Kama iliyopo ni yenye risasi, hatari kubwa ni mkono kwenda mdomoni, kwa hiyo kunawa kwa sabuni ni lazima baada ya kazi. Moshi unaouona hutoka kwenye utomvu wa kusafishia. Unawasha macho na mapafu, basi dirisha liwe wazi na feni ivute moshi kuutoa usoni.

Akiungua, mkono unawekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si mafuta, si dawa ya meno.

16. Kemikali za nyumbani si ndizo salama zaidi?

Si lazima. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikichanganywa na siki au asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, na ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Kwenye warsha zetu dawa hiyo haiingii kabisa. Asidi yoyote inayopunguzwa nguvu humiminwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji yasimiminwe kwenye asidi, kwani joto hulipuka juu na kurusha matone. Chupa isiyo na lebo ni taka, hata kama mtu anaapa anajua kilichomo.

17. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye simu na kompyuta zinafaa kwa miradi?

Kwa wanaoanza, hapana. Betri hiyo ikishikana pande mbili kwa waya, ikitobolewa, au ikichajiwa kupita volti 4.2, inaweza kuwaka moto mkali. Iliyovimba isitobolewe wala isibanwe. Itengwe mahali pasipo na vitu vya kuungua na ipelekwe panapopokelewa taka za elektroniki. Tumieni betri za kawaida za volti 1.5. Ile ya volti 9 nayo isiwekwe mfukoni na funguo au sarafu, maana vichwa vyake vyote viwili viko upande mmoja na hugusana kirahisi.

## Wazazi na walimu

18. Hii haitampotezea muda wa mitihani?

Itachukua muda, ndiyo. Karibu na mtihani mkubwa sishauri kuanza mradi mpya. Lakini aliyechora grafu ya pendulamu kwa namba zake hana haja ya kukariri kwa nini tunapima mizunguko 20, na maswali ya vitendo huuliza mambo ya aina hiyo.

19. Mimi ni mwalimu, elektroniki siijui. Naweza kuendesha warsha?

Unaweza, kwa sharti moja: fanya kila jaribio mwenyewe mara mbili kabla ya siku. Mara ya kwanza utagundua kinachokosekana, mara ya pili utajua linachukua muda gani. Mpe mwanafunzi mara tatu ya muda huo. Ukiulizwa usilolijua, sema "sijui, tujaribu vipi?" na umaanishe. Mwanafunzi anayemwona mwalimu wake akitafuta jibu anajifunza namna jibu linavyotafutwa.

Isipokuwa kwenye usalama. Usichokijua kuhusu moto, umeme au kemikali, kijue kabla, au kiache.

20. Wavulana wanashika vifaa, wasichana wanaandika daftari. Tufanye nini?

Usisubiri kuona kama itatokea, itatokea. Toa majukumu kwa jina: anayeunganisha, anayepima na kuandika. Kila dakika 15 wabadilishane, na mkufunzi atangaze kwa sauti. Jozi za wasichana wawili husaidia siku za mwanzo. Na mkufunzi ajichunge mwenyewe: wengi wetu humwuliza mvulana "umefanyaje?" na kumwambia msichana "ngoja nikusaidie". Hilo la pili linamnyang'anya kazi yake.

21. Mwanafunzi mwenye ulemavu anashirikije?

Muulize yeye kwanza. Asiyeona anaweza kutumia kengele ndogo ya umeme inayotoa mlio mahali pa LED, na bredibodi inasomeka vizuri kwa vidole. Meza iwe na nafasi ya kiti cha magurudumu, na zana zisiwekwe mbali kuliko urefu wa mkono. Kwa asiyesikia, maelekezo yaandikwe na mkufunzi asiongee akiwa amegeukia ubao.

Kuna kundi linalosahaulika: wasiotofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Huwapata zaidi wavulana, kwa kuwa vinasaba vinavyohusika viko kwenye kromosomu ya X, na wengine hawajijui. Rangi za rezista na nyaya huwatesa kimyakimya. Multimita inamaliza tatizo.

22. Tufundishe kwa lugha gani?

Lugha ambayo mwanafunzi anawazia, kisha umpe istilahi za kitabu chake baada ya kuwa amekishika kitu. Aliyesema "umeme unabanwa hapa" akiwa na rezista mkononi ameelewa. Neno ukinzani litakaa lenyewe.

## Hali zisizo za kawaida

23. Wamekuja wengi kuliko vifaa.

Usiongeze watu mezani. Gawa makundi mawili: moja linaunda, jingine linafanya zoezi la karatasi la swali la 12 au pendulamu ya swali la 6, kisha mnabadilishana.

24. Umeme ukikatika katikati?

Zima na chomoa pasi zote za kulehemu mara moja, kwa sababu umeme ukirudi zitapata moto bila mtu kujua. Sakiti za betri zinaendelea. Na giza kidogo linafaa sana kwa majaribio ya mwanga.

25. Mwanafunzi amemaliza mapema, anachoka.

Usimfanye msaidizi wa wote, atageuka kuwafanyia. Mpe kikwazo: taa ileile kwa rezista zisizo na 390. Atagundua kwamba mbili za 180 zikifuatana zinatoa 360, au mbili za 820 zikiwa sambamba zinatoa 410, na ataanza kuuliza kuhusu mchanganyiko wa tatu.

26. Msimbo umeandikwa na akili mnemba. Tuukubali?

Tunauliza mambo mawili. Eleza kila mstari unafanya nini. Kisha tubadilishe namba moja, sema kabla kitakachotokea, halafu tuendeshe. Akiweza, msimbo ni wake kama ambavyo kanuni ya Ohm ni yake. Asipoweza, anaanza na mistari mitatu anayoielewa na kuongeza mmoja mmoja. Kwa michoro ya sakiti awe mwangalifu zaidi: programu hizo huweza kutaja pini au volti isiyo sahihi kwa kujiamini kabisa, na bodi haina nafasi ya pili.

27. Anaruhusiwa kwenda na alichounda nyumbani?

Vifaa vikiruhusu, ndiyo. Visiporuhusu, anakivunja mwenyewe mwisho wa siku, kipande kwa kipande, na kurudisha kila rezista kwenye boksi lenye namba yake. Anaondoka na daftari lenye mchoro. Mkutano unaofuata huanza hapo: daftari wazi, boksi mezani, taa iwake tena bila kumuuliza mtu.